Pima Samaki Wako Kabla ya Kuwatia Moshini

Mfugaji wa samaki ana taabu moja ambayo mwenye ng'ombe hana. Ng'ombe akikosa mnunuzi leo, hurudi nyumbani akala majani. Samaki akiisha kuvuliwa hangoji. Ikifika jioni, bei ni ile aitakayo mchuuzi.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, kila kimoja mita 300 za mraba, na kutia humo vifaranga 1,000. Tangu hapo wakulima wengi wamekuwa na vidimbwi vya namna hiyo. Lakini vifaranga hutiwa siku moja, na mara nyingi samaki huvuliwa siku moja.

Mimi mwenyewe yalinipata. Mara ya kwanza nilivua kambare wote, na jua lilipotua niliwauza kwa nusu ya bei. Mara ya pili niliwapasua, nikawatia chumvi, nikawakausha wote kwa moshi. Niliuza kila kilo kwa bei mara mbili ya samaki wabichi, nikarudi nyumbani nikifurahi. Usiku mke wangu alishika kalamu akapiga hesabu. Kumbe hasara hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza!

Sababu yake ni maji. Katika kilo 10 za samaki wabichi, kilo 7 au 8 ni maji, nayo yakikauka uzito huenda nayo.

Tufanye hesabu ya mfano. Una kilo 10 za kambare, na bei ya wabichi ni shilingi 300 kwa kilo. Hizo ni shilingi 3,000. Ukitoa matumbo na kukausha sana, zinabaki kilo 3. Kuni, chumvi na nauli ni shilingi 450. Basi ni lazima uuze kila kilo kwa shilingi 1,150 ili fedha zako zirudi tu. Faida huanza juu ya hapo.

Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza, tafuta wanunuzi wa samaki wabichi kabla ya kutia wavu majini, kisha vua kwa kadiri yao.

Pili, wanaozidi wakaushe siku ile ile, wangali wazuri. Moshi hautengenezi samaki aliyeoza.

Tatu, punguza kuni. Joko la Chorkor, lililobuniwa karibu na Accra nchini Ghana, hupanga trei juu ya trei, na moto mmoja huwatosha wote.

Nne, samaki wa kuweka siku nyingi awe mkavu kabisa, afungwe mahali pasipo unyevu, asiingie ukungu wala wadudu.

Tano, pima kabla na baada, uandike katika daftari.

Kukausha kunakuokoa na mchuuzi wa jioni. Lakini usiwashe moto kabla hujajua bei itakayokurudishia fedha zako.