Kumtazama Mgonjwa wa Kiharusi

Unguja, mtu akipatwa na kiharusi, habari huenea mtaani kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Akisharudi nyumbani, mlango haufungwi. Jirani huja na bakuli la uji, shemeji na mafuta ya nazi ya kumkandia, ustadhi humsomea Yasini, na wanawake hupeana zamu za kukaa naye ili mkewe apate kufua na kulala kidogo. Kumtazama mgonjwa kumetajwa katika Hadithi miongoni mwa haki za Muislamu kwa mwenziwe.

Desturi hii ina tiba ndani yake. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, seli hufa na hazirudi. Lakini sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza kazi za zile zilizokufa, ilimradi kazi hizo zirudiwe mara nyingi, kila siku. Mgonjwa humwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa nadra. Watu wa mtaani anao kutwa.

Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hupoozesha mkono na mguu wa kulia, na huweza kuondoka na maneno. Hata hivyo, yale ambayo mtu ameyasema umri wake wote bila kufikiri, kama kuhesabu, kaswida au dua, mara nyingi hubaki. Mjomba wangu aliweza kusoma Alhamdu nzima lakini hakuweza kuomba maji. Sisi watu wazima tulikuwa tukimsemea kila kitu, kwa huruma. Siku moja mjukuu wake akasimama mbele yake, akasema, "Shikamoo babu," kisha akabaki palepale, maana amefunzwa kwamba haondoki mtu kabla hajaitikiwa. Midomo ikahangaika kwa muda mrefu. Hatimaye ikatoka: "Marahaba." Tangu hapo watoto wa mtaa mzima wakawa wanampitia wakienda chuoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha.

Kula ndiko kulikomtesa zaidi. Mtu aliyelelewa kwamba mkono wa kushoto hauingii sahanini huona haya mbele ya wageni, husema ameshiba, na hali ana njaa. Mwenye udhuru hana lawama, na inafaa wakubwa wa nyumba wamwambie hivyo waziwazi. Vivyo hivyo sala: amepewa ruhusa ya kusali akiwa ameketi, au amelala. Na watu wasikimbilie kumwosha. Akitawadha mwenyewe, hata kwa kusaidiwa kushika kopo, mkono ule mnyonge umepata kazi mara tano kwa siku.

Wanaume nao wana baraza. Wamtoe nje jioni, wamwekee bao mbele yake, wamwachie aokote kete kwa vidole vilivyolegea na azihesabu mwenyewe, achukue muda wake. Mchezo huo humfanyisha kazi vidole na akili pamoja, tena yuko na wenziwe.

Yapo ya kurekebisha. Uji asinyweshwe amelala, kwa sababu koo lililolegea huweza kuupeleka mapafuni, akalishwe wima. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, bega linaweza kuteguka. Maji ya kumkandia yapimwe na mwingine, kwani ngozi yake huenda haihisi moto. Na wanaonong'ona "huyu kwisha" wajue kwamba asiyeweza kusema mara nyingi bado anasikia na anaelewa mengi.

Wapo wanaoamini kwamba kiharusi ni jini, wakaanza kwa mganga. Kisomo hakikatazwi, lakini uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla, hospitali kwanza, saa ileile. Hata akishaanza kutembea, dawa za presha haziachwi, maana presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kiharusi kinaweza kurudi. Basi anayekuja kumjulia hali, baada ya "umeamkaje?", na amuulize na hili: "Dawa ya leo umeshakunywa?" Kisha amsubiri ajibu mwenyewe.