Skrubu Iliyolika na Chuma Kilichopinda: Rekebisha Pikipiki Bila Kuiharibu

Pikipiki imekuwa punda wetu wa kila siku. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo za chini ya 250cc, zimejaa kila kijiji. Zinabeba mama mjamzito, maziwa, mbegu na watoto wa shule. Lakini wengi wetu tunazirekebisha wenyewe chini ya mti, na vifaa vyetu ni nyundo, spana mbili na bisibisi moja iliyochoka.

Siku moja nilikuwa nimebebwa nyuma ya bodaboda kwenye mteremko wenye changarawe. Dereva akabana breki ya mbele, mara "tak!", leva ikamkatikia mkononi. Breki ya mguu ndiyo iliyotuokoa, na hata hivyo tuliishia mtaroni. Tulipojikung'uta vumbi aliniambia, "Hii ilikuwa imepinda wiki jana, nikainyoosha kwa nyundo." Leva ile ilikuwa ya aluminiamu. Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii. Kunyoosha ni kuzuri, lakini si kila kitu hunyooshwa.

Tuanze na skrubu, kwa maana hata kuifikia sehemu iliyopinda lazima kwanza ufungue.

KWA NINI SKRUBU HULIKA KICHWA?

Skrubu za nyota utazikuta kwenye bakuli la kabureta, kwenye kifuniko cha mafuta ya breki, na kwenye vifuniko vya ubavuni mwa injini ya pikipiki nyingi za zamani za Kijapani. Sababu za kulika ni tatu.

Kwanza, bisibisi isiyolingana. Nyota ya Kijapani si sawasawa na ile ya kawaida tunayonunua dukani. Bisibisi ya kawaida haiingii mpaka chini, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu inapanda juu na kula kichwa. Skrubu nyingi za Kijapani zina alama ya nukta ndogo kichwani. Ukiiona, tafuta bisibisi yake. Ukikosa, chukua ya kawaida na upige tupa kidogo kwenye ncha ili ipate kuzama.

Pili, skrubu ni ya chuma na injini ni ya aluminiamu. Vikikaa pamoja miaka mingi na maji ya mvua, hushikana.

Tatu, haraka. Ukiona bisibisi imeteleza mara moja, SIMAMA. Mara ya pili na ya tatu ndizo zinazomaliza kichwa.

HATUA ZA KUITOA

Fuata utaratibu huu, na usiruke hatua.

1. Safisha shimo la nyota kwa msumari na brashi. Mara nyingi ni matope tu yanayozuia bisibisi kuingia.

2. Tia mafuta ya kulainisha kutu. Kama huna ya dukani, dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi husaidia. Iache ilale usiku kucha.

3. Weka bisibisi imara kichwani na uigonge kwa nyundo mara kadhaa, si kwa hasira. Mtikisiko huo huvunja kutu. Hata hivyo usigonge kabureta, ni laini mno.

4. Tumia joto. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegeza skrubu. Kwa kifuniko cha injini, washa injini mpaka ipate joto, izime, kisha jaribu kufungua. Usilete moto wowote karibu na tangi au kabureta. Mvuke wa petroli huwaka hata tangi likiwa tupu.

5. Tafuta bisibisi ya kugonga, ile nzito ambayo ukiipiga nyundo inasukuma ndani na kuzunguka kwa wakati mmoja. Hakikisha umeiweka izunguke kushoto. Hiki ndicho kifaa kinachotoa skrubu nyingi zaidi, na kikundi cha vijana kinaweza kuchanga na kununua kimoja cha wote.

6. Kama nyota imekwisha kabisa, kata mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa. Au shika ukingo wa kichwa kwa koleo la kufunga. Au weka tindo kwenye ukingo na uigonge pole pole kuelekea kushoto.

7. Dawa ya mwisho ni drili. Skrubu nyingi za vifuniko vya injini ni za milimita 6. Toboa kwanza katikati kwa biti ya milimita 3, halafu ya 6, mpaka kichwa kidondoke. Usitoboe ndani zaidi ya hapo. Ukiondoa kifuniko, kisiki kilichobaki huwa hakina mkazo tena, na mara nyingi hutoka kwa koleo. Futa unga wote wa chuma kabla ya kufunga, usiingie kwenye injini.

Usirudishe skrubu mbovu. Weka bolti za ufunguo wa L, za unene na urefu ule ule. Ndefu mno hugota na kupasua tundu, fupi mno hung'oa meno. Paka grisi kidogo, na ukaze kwa mkono mfupi, si kwa uzito wa mwili.

CHUMA KILICHOPINDA: KIPI KINYOOSHWE?

Hapa ndipo maisha ya watu yalipo. Kwanza jiulize, "Hiki ni chuma au aluminiamu?" Leta sumaku. Leva, kikanyagio au rimu ikishikwa na sumaku, ni chuma. Isiposhikwa, ihesabu kuwa ni aluminiamu.

Vinavyonyooshwa: leva ya gia ya chuma, pedeli ya breki ya nyuma, vikanyagio na keria. Lakini VIFUNGUE KWANZA. Ukikunja leva ya gia ikiwa kwenye injini, unapindisha shafti yake au unapasua kifuniko, na oili itaanza kuvuja. Kadhalika bomba la vikanyagio lililofungwa chini ya injini. Kifunge kwenye jiriwa, kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kinyooshe taratibu, kisha kiache kipoe chenyewe. Usikitumbukize majini. Kama kina rangi au kromu, fanya kazi nje penye upepo, maana moshi wake ni sumu.

Vya kupeleka kwa fundi mwenye mashine: rimu ya chuma iliyobonyea kidogo, na bomba za foku za mbele. Viringisha bomba juu ya kioo kilicholala sawa. Ukiona mwanga ukipita chini yake, limepinda. Kama ni kidogo, mashine ya kukandamiza inaweza kulinyoosha bila moto. Likiwa na mkunjo, ni la kutupa.

Vya kutupa bila mjadala: leva za breki na klachi za aluminiamu, usukani uliokunjamana, na rimu ya aluminiamu yenye ufa. Aluminiamu haikuonyi. Haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na ikinyooshwa hubaki na nyufa ndogo usizoziona. Leva mpya ni shilingi mia chache tu. Linganisha na mguu wa mtu.

Fremu iliyopinda karibu na shingo ya usukani pia si kazi ya gesi ya kando ya barabara. Kuipima ni rahisi. Nyoosha gurudumu la mbele, halafu vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele, upande wa kulia na wa kushoto. Nafasi zikitofautiana, angalia kwanza kama gurudumu la nyuma limekaa sawa kwenye cheni. Kama limekaa sawa na nafasi bado hazilingani, usibebe abiria mpaka fundi anayejulikana aione.

NENO LA MWISHO

Vijana wetu wa jua kali wana mikono hodari, hilo hatubishi. Lakini fundi wa kweli hujulikana pia kwa yale anayokataa kufanya. Mteja akikubembeleza, "Ninyooshee tu hii leva, nitanunua nyingine mwezi ujao," mjibu kwa heshima, "Hapana, ndugu yangu." Nyuma ya pikipiki ile ataketi mama wa mtu, na huenda akawa wako.