Baada ya Jasho: Nini Kwenye Kikombe, Nini Kwenye Sahani

Jumamosi mbili zilizopita, tulipomaliza futingi yetu ya asubuhi kutoka Nyawera mpaka Labotte na kurudi, tuliketi kando ya barabara kupumzika. Mmoja wetu alikuwa ameleta mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu, akatugawia. Alikuwa na nia njema. Alikuwa amesikia kwamba mtu akitoka mazoezini ni lazima anywe kitu cha namna hiyo ili mwili urudi.

Wakati huo akapita mama mmoja tunayemfahamu, jirani wa mwenzetu, anayebeba mizigo kutoka bandarini. Alikuwa na mfuko wa maharage mgongoni, kamba imeshika kwenye paji la uso, anaelekea sokoni. Akasimama kutusalimu, akatazama mikebe, akacheka: "Ninyi mumekimbia saa moja tu, munakunywa ile. Sasa miye mwenye kupandisha muzigo mara ine kwa siku, nikunywe nini?"

Tulicheka naye, lakini alipoondoka hakuna aliyekuwa na jibu. Tukamuuliza muuguzi aliye mwanachama wetu, tukasoma tulichoweza kusoma, na wiki hii tunawaletea, wamama wenzetu, yale tuliyoyapata. Yanawahusu wanaofanya mazoezi kwa ajili ya afya, na yanamhusu zaidi yule mama wa bandarini, na mama wa Kabare anayeshuka kwa miguu na kitunga cha mihogo, na kila anayelima au kuchota maji kwenye milima yetu hii.

Mwili unaotoka jasho hupoteza vitu vinne. Hupoteza maji. Hupoteza chumvi, ndiyo maana jasho linawasha macho na kuacha alama nyeupe kwenye nguo nyeusi. Hutumia sukari iliyowekwa akiba ndani ya misuli na ini, akiba inayotokana na bugali, ndizi, viazi na mchele. Na nyuzi za misuli zenyewe huchanika kidogo kidogo, hata siku ya pili unashuka ngazi ukishikilia ukuta. Kuzirekebisha kunahitaji protini, yaani vile vyakula tulivyofundishwa shuleni kwamba vinajenga mwili. Kwa hiyo ukitoka kazini au mazoezini jiulize kama umepata maji, chumvi, cha kutia nguvu na cha kujenga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho hakipatikani Kadutu au Nyawera.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi kuna ubaridi. Mtu anadhani hakutoka jasho kwa sababu upepo wa ziwa umelikausha. Kipimo kisicho na gharama ni mkojo. Ukiwa na rangi ya njano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, hujanywa vya kutosha. Wanamichezo hujipima uzito kabla na baada, na kwa kila kilo moja iliyopungua hunywa kama lita moja na nusu, kidogo kidogo kwa muda wa saa chache. Sisi wengi hatuna mizani nyumbani. Tunywe tukisikia kiu, kisha tuongeze glasi moja au mbili, tuangalie mkojo. Kujilazimisha kunywa lita nyingi kwa mkupuo nako si vizuri, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, na yanaweza hata kuhatarisha maisha.

Na yawe maji safi. Hapa kwetu jambo hili si dogo, kwa kuwa kipindupindu hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu, na maji ya ziwa si ya kunywa hata yakionekana maangavu. Chemsha mpaka yatokote kweli, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, uyaweke kwenye bidoni yenye kifuniko. Anayetoka asubuhi kwenda kubeba mizigo atoke na chupa yake kutoka nyumbani. Tunajua chupa ni uzito juu ya uzito. Hata hivyo, kunywa kwenye bomba lolote la njiani kwa kikombe cha kila mtu kunaweza kumpotezea wiki nzima ya kazi.

Chumvi, kwa mtu aliyetembea saa moja, haihitaji dawa. Chakula cha kawaida kilichotiwa chumvi kinatosha. Kwa aliyefanya kazi ngumu juani saa nyingi, nguo zimelowa, miguu inakakamaa, anaweza kutengeneza kinywaji kilekile tunachowapa watoto wenye kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Usizidishe chumvi. Onja, kisiwe na chumvi kupita machozi. Ukikamulia ndimu kinanyweka vizuri zaidi. Kina kile ambacho chupa za wanamichezo zinauza, yaani maji, sukari na chumvi, isipokuwa ile rangi ya buluu.

Sasa ile mikebe. Kinywaji cha kuongeza nguvu ni sukari nyingi na kafeini, kile kitu cha ndani ya kahawa kinachokesha mtu. Kafeini humfanya mtu asisikie uchovu kwa muda, lakini uchovu wenyewe uko palepale. Inaharakisha moyo, na mwenye ugonjwa wa presha anaweza kupata shida. Kwa mama anayenyonyesha, sehemu yake hupita kwenye maziwa na mtoto hukosa usingizi, kisha mama naye analipa deni usiku. Mjamzito na watoto wasipewe. Mwenzetu aliyeileta hakukasirika tulipomwambia. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe hakulala siku ile.

Soda, au sukre kama tunavyoiita, haina ubaya kwa anayerudi kubeba tena baada ya nusu saa na hana kitu kingine. Kwa sisi tulioenda futingi ili kupunguza tumbo, chupa moja inarudisha sehemu kubwa ya tulichokichoma, na bado hatujala. Kuhusu pombe tuseme waziwazi, kwa sababu tunajua baada ya mechi waume zetu hupitia wapi. Pombe huongeza mkojo, hivyo maji yaliyopungua yanazidi kupungua, na hupunguza kasi ya misuli kujirekebisha. Kasiksi ya bibi zetu nayo ni pombe, hata kama imetengenezwa kwa ndizi za shambani. Anayeipenda anywe maji na ale kwanza.

Tufike kwenye sahani. Zamani walimu wa michezo walisema mtu ale ndani ya nusu saa, vinginevyo mazoezi yamepotea bure. Utafiti wa miaka ya karibuni umelegeza sheria hiyo. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara moja kwa siku na anakula vizuri, mlo wake wa kawaida ndani ya saa moja au mbili unatosha kabisa. Haraka inamhusu yule ambaye atafanya kazi tena siku ileile. Huyo anashauriwa apate chakula cha kutia nguvu mapema, kama gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, kwa saa za kwanza. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kama viazi vitamu viwili vya kiasi, au ndizi mbivu mbili kubwa na kitu kidogo juu yake.

Hapo tulinyamaza kidogo. Ushauri ule uliandikwa kwa ajili ya wanariadha wanaokimbia asubuhi na jioni, na hapa Bukavu mtu anayelingana nao ni mbeba mizigo. Yeye ndiye mwenye mazoezi mara nne kwa siku, kwenye mteremko, na uzito mgongoni ambao wengi wetu hatuwezi kuuinua kutoka chini. Na yeye ndiye, mara nyingi, anayetoka nyumbani na chai ya rangi tupu, halafu hali kitu mpaka jioni.

Chakula cha kujenga, kwa mtu mzima aliyefanya kazi nzito, kipatikane kama gramu 20 za protini kwa mlo, kisha tena kwenye mlo unaofuata. Sahani iliyojaa maharage inafika hapo. Mayai matatu yanakaribia. Sambaza waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo konzi mbili zinafanya kazi ya kipande kizuri cha nyama, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao tunapata pia kalsiamu. Wasichana wetu wengi hawajui kwamba sambaza si wa asili katika Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakakubali maji yetu, na leo ni chakula cha kila nyumba. Wanunue waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala harufu ya kuoza.

Bugali wa muhogo peke yake una nguvu lakini karibu hauna protini. Bugali na sombe ni bora, na bugali, sombe na sambaza ni mlo ambao mwanamichezo wa nchi yoyote hawezi kuucheka. Maharage yakiliwa pamoja na mahindi au mchele yanasaidiana, maana kile kinachopungua kwenye kimoja kimo kwenye kingine. Mashanza yana maji, protini na chumvi kidogo kwa pamoja, ila yawe yametengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Na kuna uji wa masoso, mahindi, soya na sorgho, ambao tumezoea kuufikiria kama uji wa watoto waliokonda. Hatujui nani aliamua kwamba mtu mzima hawezi kuunywa. Kikombe kikubwa chake, na sukari kidogo, kinashuka hata kwa mtu aliyechoka mpaka hasikii njaa.

Muuguzi wetu alituomba tuongeze neno juu ya chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na lengalenga. Mwanamke anayepata hedhi, na zaidi aliye mjamzito, anayahitaji sana, kwani damu ikipungua pumzi inakatika kwenye mlima hata kama umekula. Subiri saa moja baada ya kula ndipo unywe chai. Kipande cha nanasi la Idjwi au chungwa pamoja na maharage hufanya kinyume chake, husaidia chuma kuingia.

Kuna jambo moja hatutalificha. Katika nyumba zetu nyingi mama hupakua kwa baba, kwa wageni, kwa watoto, kisha anakwangua sufuria. Samaki wakiwa wachache, yeye anakula mchuzi. Ikiwa siku nzima amekaa dukani, bado si haki. Ikiwa siku nzima amebeba mizigo, misuli yake inajirekebisha kwa kitu gani? Tulizungumza hili kwenye kikundi na hatukukubaliana wote. Mmoja alisema mama hawezi kula sambaza mtoto akitazama. Mwingine akajibu kwamba mama akianguka, mtoto hatakula chochote. Tuliloafikiana ni dogo: sahani ya mama ipakuliwe wakati mmoja na nyingine, ifunikwe, iwekwe kando, hata kama atakula baadaye. Tunawaomba waume wanaosomewa gazeti hili walisikie.

Kwa anayetoka alfajiri, tumejaribu wenyewe na inawezekana: uji wa masoso kabla ya kutoka, viazi vitamu viwili vilivyochemshwa jana na konzi ya karanga vimefungwa kwenye kikwembe, chupa ya maji. Viazi kimoja baada ya safari ya kwanza ya mizigo, kingine baada ya ile ya pili. Mchana, kama faranga zinaruhusu, maharage ya malewa. Mwenye kisukari afuate kwanza ushauri wa daktari wake. Na yeyote ambaye mkojo wake umekuwa wa rangi ya kahawa nyeusi baada ya kazi nzito, au anayeona giza na moyo unapiga ovyo hata baada ya kupumzika na kunywa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jibu tulimpelekea mama wa bandarini Jumatano, tukiwa na termosi ya masoso. Alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama, akauliza sorgho tulinunua wapi, akasema sukari tumeweka kidogo mno. Kisha akashika kamba yake akaenda.

Jumamosi hii tunakutana tena Nyawera saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mikebe ibaki dukani. Sufuria ya masoso itapikwa na kikundi, sukari imeongezwa kidogo, na itakuwa kubwa kuliko idadi yetu kwa ajili ya wamama watakaopita na mizigo. Kila mmoja alete kikombe chake, na kimoja cha ziada.