Bosi asiyejua aendako atakupotezea miaka

Umehitimu masomo ya kompyuta, umepata kazi katika kampuni ya kuunda programu, na nyumbani wazazi wanafurahi kwamba karo haikupotea bure. Lakini hata miezi sita haijaisha na tayari unaichukia Jumatatu. Je, mwenye kasoro ni wewe au ni kampuni?

Tazama dalili hizi. Jumatatu mkubwa wa kazi anataka programu ya hospitali, Jumatano anataka ya benki, na Ijumaa anauliza mbona ile ya hospitali haijakamilika. Mteja huahidiwa tarehe kabla ya watakaoifanya kazi kuulizwa. Programu hukabidhiwa bila kujaribiwa, na ikikwama hutafutwa wa kulaumiwa badala ya chanzo cha hitilafu. Wenye ujuzi wanaondoka mmoja mmoja. Ukiyaona haya yote pamoja, ujue chombo hakina nahodha.

Mambo haya si mageni. Katika miaka ya 1960, Frederick Brooks alisimamia uundaji wa OS/360, programu kubwa ya kampuni ya IBM huko Marekani. Kazi hiyo ilichelewa. Mwaka 1975 alichapisha kitabu, The Mythical Man-Month, akieleza kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa, utazidi kuichelewesha. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliokuwa wakiifanya kazi. Isitoshe, watu 3 wakishauriana wawili wawili kuna njia 3 tu za mazungumzo. Wakiwa 10, njia ni 45. Hata hivyo, wakubwa wengi bado wanadhani dawa ni kuajiri vijana zaidi, au kuwalazimisha waliopo kukesha ofisini.

Ufanye nini basi? Usiondoke kwa hasira. Kila agizo unalopewa kwa mdomo, lithibitishe kwa maandishi, ili lawama zikija uwe na ushahidi. Weka akiba ya kodi ya nyumba na chakula, kisha utafute kwingine kimyakimya.

Pia zijue haki zako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, ila soma mkataba wako, huenda ukataka zaidi. Ukishafanya kazi kwa wiki 4 au zaidi, mwajiri hana budi kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, hata kama mmekosana.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi usiku wa manane akiwa amenyong'onyea, msikimbilie kumwambia kazi ni kazi. Mwulizeni maswali mawili: je, analipwa kwa wakati, na kuna jambo analojifunza? Akijibu la kwa yote mawili, msaidieni kupanga safari ya kutoka.