Ute wa Mshubiri kwa Mikono ya Wachambuaji



Kila msimu wa karafuu unapoanza, ofisi yetu hupata maswali ya bei, ya majamvi na ya mvua. Msimu uliopita lilizuka swali jengine, nalo lililetwa na akina mama wanaochambua makonyo: vipi mtu atatengeneza nyumbani ute wa mshubiri wa kupaka ngozi, mfano wa ule wa chupa za kijani unaouzwa madukani? Mikono yao imekauka na kuchanika kwa kazi, na chupa ile ni ghali. Niliahidi kuandika. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kufanya mwenyewe kwanza, na nilipofanya nilijiunguza. Khabari hiyo itakuja.

Mshubiri twaujua. Mtu akifikwa na jambo zito husema ni chungu kama shubiri, na wengi wetu tuliachishwa ziwa kwa uchungu huo huo. Walakini yafaa tujue kwamba ndani ya jani moja mna vitu viwili mbali mbali. Chini ya ganda la kijani hutoka utomvu wa manjano. Huo ndio shubiri yenyewe, nao ndio mchungu, huharisha, na huwasha ngozi ya watu wengi. Katikati ya jani mna ute usio na rangi, unaoteleza, ambao karibu sehemu 99 katika 100 zake ni maji. Huu ndio tunaoutaka. Utomvu wa manjano si wa kuchezea: mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa utomvu huo ziondoke madukani, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama. Mwenye mimba asiunywe kabisa.

Basi kata jani la chini, lililokomaa, karibu na shina. Lisimamishe ndani ya bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini, robo saa au zaidi, mpaka manjano yatiririke yote. Hapa ndipo wengi hufanya haraka wakajuta kwa kuwashwa. Kisha lioshe, ondoa miba ya pembeni, menya ganda, na ukione kipande cha ute kimebakiwa na manjano kikate ukitupe. Suuza vipande kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Viponde au uvitie katika mashine ya kusagia, halafu chuja kwa kitambaa safi. Kisu, bakuli, kitambaa na chupa vyote viwe vimeoshwa kwa maji ya moto, na mikono pia. Usishangae ukiona ute umekuwa mwepesi kama maji. Ule mzito wa dukani umetiwa gundi. Katika kikombe kimoja tia vijiko viwili vya chai vya glisirini ya duka la dawa, nayo husaidia ngozi kushika unyevu.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilikitazama kikombe changu nikasema, sisi ni watu wa karafuu, haiwezekani dawa yetu ikose karafuu. Nikatia kijiko kizima cha chai cha mafuta ya makonyo, nikakoroga, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nilinyoa ndevu nikajipaka shingoni. Kabla sijavaa kanzu shingo ilikuwa inawaka moto, na wekundu wake ulikaa siku nne. Msikitini niliulizwa kama nimeng'atwa na nyuki. Sababu ni mbili. Mafuta ya karafuu yana yujenoli kwa wingi, na wataalamu huweka kikomo cha nusu gramu tu katika kila gramu 100 za kitu cha kupaka ngozini. Mimi nilipita kikomo hicho zaidi ya mara tano. Tena mafuta hayo hayachanganyiki na maji, na kwa kuwa ni mazito kidogo kuliko maji hushuka chini, nami nilichota chini ya kikombe. Tuyauze mafuta yetu, tusiyatie humu.

Wala msitie ndimu. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi, nayo ikapigwa na jua, huiunguza ikatoka malengelenge na mabaka meusi, na wachambuaji wetu hukaa juani kutwa.

Ute huu huoza. Weka ndani ya friji, tumia kwa wiki moja, kisha mwaga hata kama wauona mzuri. Kidonge cha vitamini C huuzuia usigeuke rangi, lakini hakiui ukungu wala vijidudu. Asiyemaliza kwa wiki na augandishe katika vibati vya barafu, awe anatoa kimoja kimoja. Kabla ya kujipaka mara ya kwanza, paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku nzima. Usipake juu ya jeraha lenye kina. Na kwa mikono iliyokauka ute peke yake hautoshi, kwani maji yake hukauka upesi. Paka ute, na kabla haujakauka paka mafuta ya nazi juu yake.

Nasikia baadhi ya akina mama wamekwisha nunua chupa ili wauze gulioni. Naomba wangoje. Kitu cha wiki moja hakiuziki juani, na bidhaa ya kupaka ngozi yataka ipite kwanza kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Wala asiambiwe mnunuzi kwamba ute huu hung'arisha ngozi. Haugeuzi rangi ya mtu, na hayo ndiyo maneno ya wauza mkorogo, wenye zebaki ndani yake.

Neno jengine ni la majani yenyewe. Pemba ina mshubiri wake wa mwituni, ulioandikwa na wataalamu mwaka 1998 kwa jina la Aloe pembana. Huo ni mchache, tusiukate. Tupande ule wa nyumbani. Nyuma ya ofisi yetu yapo matuta mawili, na machipukizi yake ni bure kwa wanachama. Njooni asubuhi, kila mtu na pakacha lake.