Arbuni Inamfunga Nani?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo nataka tuzungumzie fedha ambayo karibu kila mtu wa mjini amewahi kuitoa: ile inayotangulia kabla ya kitu chenyewe kupatikana. Fundi cherehani anaitaka, mwenye ukumbi wa arusi anaitaka, mwenye nyumba naye anaitaka. Wengine huiita malipo ya awali, wengine kishika nafasi, na watu wa pwani huiita arbuni. Mimi fedha hiyo ilinifunza adabu baharini.

Shemeji yangu ana mashua ya mbao anayovulia samaki. Wakati wa kaskazi huitia nanga mbele ya diko bila wasiwasi mkubwa. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, mambo hubadilika. Upepo huo hupata nguvu Juni na Julai, na chombo kilichofungwa mahali pa wazi huchezewa na mawimbi usiku kucha. Hapo kila mwenye chombo hutafuta hori lenye kinga. Nafasi za humo si nyingi, kwa kuwa chombo kinahitaji kina cha kutosha maji yakipwa, na uwanja wa kuzunguka nanga yake bila kumgonga jirani. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Asiyepata kina huikuta mashua yake imelala ubavu matopeni.

Ndiyo maana nafasi hizo hulipiwa mapema. Mwaka juzi, mwezi Februari, shemeji aliniambia, "Shemeji, wewe ndiye mtu wa maneno, nenda ukaongee na mwenye yadi." Nikaenda. Tukakubaliana shilingi 600,000 kwa msimu mzima, nikamhesabia 200,000 taslimu. Tukapeana mikono. Stakabadhi sikuomba, alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, nikaona haya kumdai karatasi.

Aprili tulipofika, nafasi yetu ilikuwa na chombo cha mtu mwingine aliyelipa msimu wote kwa mkupuo. Mwenye yadi akatujibu, "Ile yenu ilikuwa arbuni tu, wanangu, na arbuni hairudi." Tukaifunga mashua nje. Usiku mmoja wa Juni kamba ya nanga ikakatika, na asubuhi tukaikuta mashua juu ya mwamba, mbao tatu za ubavuni zimepasuka. Shemeji alikaa wiki 5 bila kwenda baharini. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza wanaojua. Kumbe fedha ya kutanguliza ni za aina tatu, na sisi huzichanganya. Kwanza kuna dhamana, ambayo hurudishwa mwishoni ikiwa hukuharibu kitu. Pili kuna sehemu ya bei, yaani umeanza tu kulipa deni lako. Tatu ndiyo arbuni yenyewe: alama kwamba humfanyii mwenzako mchezo, na ukijitoa wewe, unaipoteza. Maneno "arbuni hairudi" yanamhusu mtoaji aliyebadili nia. Hayampi mpokeaji ruhusa ya kula fedha na kuiuza nafasi kwa mwingine.

Jambo hili limewashughulisha watu tangu zamani. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawakuikubali biashara ya arbuni, kwa hofu kwamba muuzaji anachukua mali bila kutoa kitu. Wa madhehebu ya Hambali ndio walioikubali. Wafaransa nao wana kanuni katika kifungu cha 1590 cha sheria yao ya madai: aliyetoa arbuni akijitoa, anaipoteza; aliyeipokea akijitoa, anarudisha maradufu. Yaani kamba inafunga ncha zote mbili.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinasema anayevunja mkataba amfidie mwenzake hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida, au ile ambayo wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kifungu cha 74 kinasema kwamba hata kama mmeandika kiasi cha adhabu, mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Na makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Tatizo lake ni ushahidi.

Sisi tulikaa mbele ya wazee wa diko. Mwenye yadi hakukana kupokea fedha. Alikana kwamba tulitaja Aprili. Tulirudishiwa 200,000 zetu. Gharama ya mbao, fundi na wiki 5 za kukaa bure ilibaki kwetu, kwa kuwa hatukuwa na la kuonyesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujafungua pochi, uliza: fedha hii ni dhamana, ni sehemu ya bei, au ni arbuni? Kisha andikeni, hata kwenye ukurasa wa daftari, mambo matano: nafasi ni ipi, ni ya chombo gani, inaanza na kuisha tarehe ngapi, mimi nikijitoa inakuwaje, na wewe ukijitoa inakuwaje. Taja pia kwamba unaitaka kwa ajili ya kusi, ili asije akasema hakujua utakachopoteza. Ukiweza, lipa kwa simu na utunze ujumbe wake. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kupokewa mahakamani. Wala usitoe kingi mno: kadiri unavyotanguliza zaidi, ndivyo mwenzako anavyopungukiwa na sababu ya kukuhofia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuomba stakabadhi si kumvunjia mtu mzima heshima. Mwaka jana nilikwenda yadi nyingine, nikatoa karatasi yangu mfukoni, na mwenyewe akaitia sahihi huku akicheka. Mashua ililala salama msimu wote.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.