Tovuti ni Duka, Ufunguo Asiachiwe Fundi

Salgaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, imekuzwa na malori. Madereva watokao Mombasa wakielekea Uganda na Rwanda hutua hapo wakala, wakalala na kutengeneza magari. Si ajabu basi mwenye gereji au nyumba ya wageni akitamani tovuti, ajulikane kabla lori halijafika.

Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, wengi huuliza kwanza habari za rangi na picha, wakasahau swali lililo kuu: tovuti hiyo ni mali ya nani? Majina yanayoishia kwa .co.ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na ada yake sharti ilipwe tena muda unapokwisha. Fundi akiliandikisha jina hilo kuwa lake, siku atakapohama au mtakapokosana, biashara itakuwa kama duka ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu mwingine.

Isitoshe, dereva aliyeharibikiwa na breki usiku wa manane hana haja na madoido. Ataka ukurasa unaofunguka upesi kwenye simu yake, bei iliyo wazi, na nambari inayopokewa.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye biashara na adai mapatano ya maandishi: jina liandikishwe kwake, nywila akabidhiwe, na afunzwe kubadilisha bei mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.